SAFARI YA KUWINDA MBOGO: Matayarisho Yake, Sheria Zake, na Fungu la Mwenye Shamba

Katika nchi ya Wateso, kutoka Amagoro hata Malaba na kushuka mpaka Busia, ng'ombe ndiye akiba ya nyumba. Ndiye avutaye jembe, ndiye atoaye maziwa, na siku ya mahari au ya karo ya shule ndiye afunguliwaye kamba. Kwa sababu hii wakulima wengi hustaajabu wakisikia ya kuwa wako watu ng'ambo ya bahari wawekao fedha miaka mingi, kisha husafiri maelfu ya maili ili kumpiga risasi mbogo mmoja, na nyama yake wasiichukue kwao.

Lakini jambo hili si mchezo wa matajiri tu. Limeleta fedha katika nchi kadha za Afrika, limetungiwa sheria nyingi, na sheria hizo hazifanani upande huu na upande ule wa mto Malaba. Yafaa basi mkulima na karani wafahamu jinsi safari hiyo inavyopangwa, na ni nani apataye faida yake.

Mbogo si Ng'ombe

Kwanza yapasa kujua mnyama mwenyewe. Mbogo, ambaye wengine humwita nyati, ni wa ukoo mmoja na ng'ombe, lakini hakuna ng'ombe wa kufugwa aliyetokana naye, wala hakuna taifa lililopata kumfuga kama mifugo. Ng'ombe wa zizini walitokana na ng'ombe wa mwitu wa zamani waliokaa Asia, Ulaya na Afrika ya Kaskazini. Wa mwisho wao alikufa katika nchi ya Poland mwaka 1627. Tangu hapo atakaye kuona ng'ombe wa mwitu wa kweli hana budi kwenda Asia, ambako wako gauri na bantengi.

Dume la mbogo hufikia uzito wa kilo 600 na kuzidi. Akijeruhiwa, aghalabu huingia kichakani akatulia kimya, na amfuataye bila hadhari huenda asirudi. Hatari hiyo ndiyo iwavutayo wawindaji, na ndiyo iliyofanya desturi kuwa bunduki ya mbogo isipungue kipimo cha .375.

Mfano wa Bwana Roosevelt

Safari mashuhuri kuliko zote zilizopata kupangwa ng'ambo kwa ajili ya wanyama wa Afrika ya Mashariki ni ile ya Bwana Theodore Roosevelt, Rais wa Marekani. Mwaka 1908, angali katika kiti cha Urais, alianza kuandika barua kwa watu waliojua Afrika, wakiwamo mwindaji Frederick Selous na Bwana Edward North Buxton wa Uingereza. Aliwauliza habari za njia, bunduki, mahema, chakula na majira ya mvua. Hakuona haya kuuliza, ingawa alikuwa mkuu wa taifa kubwa.

Alitoka New York tarehe 23 Machi 1909, majuma machache baada ya kuacha kazi, akafika Mombasa tarehe 21 Aprili. Pamoja naye walikuwa mwanawe Kermit na wataalamu watatu wa makumbusho ya Smithsonian ya Washington. Watu waliochukua mizigo yake walizidi 200, na katika mizigo hiyo mlikuwa na tani nne za chumvi ya kuhifadhi ngozi. Mbogo aliwawinda katika kinamasi cha mafunjo kando ya mto Kamiti, karibu na Nairobi. Wakati ule reli ilikoma Kisumu, kwa hiyo alivuka ziwa kwa meli kwenda Uganda. Njia ya gari la moshi ipitayo Malaba na Tororo ilifika Kampala mwaka 1931 tu. Safari ilikwisha Khartoum mwezi wa Machi 1910, na wanyama waliouawa na baba na mwana walihesabiwa 512.

Hesabu hiyo ilikuwa kubwa mno, na hata siku zile wako waliomlaumu. Hata hivyo mpango wake ulibaki kuwa kielelezo: kuuliza kwanza, kupata ruhusa, kumwajiri mtu aijuaye nchi, na kufikiri mapema jinsi ya kurudisha ngozi na pembe zisioze njiani. Wawindaji wa kazi waliowaongoza wageni wa namna hii waliunda chama chao Nairobi mwaka 1934, nacho kilidumu mpaka 1977.

Matayarisho ya Siku Hizi

Mgeni wa leo hana haja ya wachukuzi 200, lakini karatasi zake zimekuwa nyingi kuliko za Roosevelt. Kwanza huchagua nchi ambayo sheria yake inaruhusu. Pili huchagua majira; katika Tanzania msimu huanza mwezi wa Julai, nyasi zikiwa zimekauka na mbogo wakifuata maji. Tatu hufanya mapatano na kampuni yenye kibali, kwa kuwa mgeni haruhusiwi kuingia porini kumtafuta mbogo peke yake. Lazima aongozwe na mwindaji mwenye leseni.

Nne ni habari ya bunduki. Kila nchi ambayo bunduki itapita, hata kama ni kwa saa chache katika kiwanja cha ndege, yataka ruhusa yake yenyewe, na namba iliyochongwa katika chuma sharti ilingane na namba iliyoandikwa katika karatasi. Tarakimu moja ikikosewa, bunduki huzuiliwa na safari huharibika. Makarani wa forodha wa Malaba na Busia, ambao kila siku hukagua karatasi za malori, wanaelewa vema jambo hili.

Tano ni kuchagua mnyama. Mwindaji mwema hapigi jike wala dume kijana. Hutafuta dume mzee aliyetengana na kundi, ambaye mizizi ya pembe zake imekutana na kuwa migumu kama mwamba juu ya paji la uso. Dume kama huyo amekwisha kuzaa, na kuondolewa kwake hakulipunguzi kundi sana. Jike huchukua mimba karibu miezi kumi na mmoja, hivyo kumwua jike ni kuua na mwaka ujao.

Mto Mmoja, Sheria Mbili

Hapa ndipo msomaji wa Amagoro anapoguswa hasa. Katika Kenya Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwezi wa Mei 1977, na mwaka uliofuata ikafunga maduka yaliyouza ngozi, pembe na vikumbusho vya wanyama. Marufuku hayo yamedumu, na sheria ya wanyama ya mwaka 2013 iliyathibitisha. Uganda nayo ilifunga uwindaji mwaka 1979, lakini mwaka 2001 iliufungua tena kwa majaribio katika mashamba ya wafugaji yaliyo karibu na ziwa Mburo. Baadaye ukaenea mahali pengine, Karamoja ikiwa mojawapo. Tanzania ilifunga mwaka 1973 ikafungua mwaka 1978.

Basi mbogo aliye katika mlima Elgon, akiwa upande wa Kenya au upande wa Uganda, hajui mpaka. Lakini binadamu anayemwangalia yuko chini ya sheria ya nchi aliyosimama. Elgon yenyewe ni hifadhi ya taifa pande zote mbili, na humo mbogo hawindwi na mgeni wala mwenyeji.

Ni sheria gani iliyo bora? Wataalamu waliohesabu wanyama wakubwa katika nchi za malisho za Kenya waliona ya kuwa kati ya 1977 na 2016 walipungua kwa wastani wa asilimia 68. Si haki kusema ya kuwa marufuku ndiyo iliyowaua. Watu waliongezeka, mashamba na nyua zikaziba njia, ukame ukazidi, na wezi wa nyama hawakuacha. Lakini hesabu hiyo yaonyesha wazi ya kuwa kukataza bunduki peke yake hakutoshi kuwalinda wanyama, ikiwa mwenye shamba hapati chochote kwa kuwavumilia.

Ugonjwa Usioonekana

Wako wafugaji wasemao heri mbogo watoweke kabisa, na maneno yao yana sababu. Mbogo huweza kukaa na vijidudu vya ugonjwa wa miguu na midomo kwa miaka, naye mwenyewe asionekane mgonjwa. Tena yeye ndiye mwenyeji wa asili wa vijidudu vya ndigana kali, ambavyo kupe huvichukua na kuvitia katika ng'ombe. Ndiyo sababu ngozi na pembe za mbogo haziruhusiwi kwenda ng'ambo mpaka zitiwe chumvi, zikaushwe, zisafishwe kwa dawa na kuandikiwa cheti na daktari wa mifugo.

Lakini si kila ugonjwa ulianza kwa mbogo. Sotoka iliyofagia Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890 ililetwa na ng'ombe kutoka nje, ikaua mifugo na mbogo pamoja, na watu wakafa njaa. Chanjo iliyotengenezwa Muguga, karibu na Nairobi, na Daktari Walter Plowright na wenzake ndiyo iliyosaidia kuimaliza, hata mwaka 2011 dunia nzima ikatangazwa kuwa haina sotoka tena. Wanyama wa mwitu hawakuhitaji kuangamizwa. Chanjo ya ng'ombe ilitosha.

Jambo lililotokea Australia lafaa kulinganishwa. Mbogo wa majini walipelekwa huko na Waingereza katika miaka ya 1820, na mwaka 1849 wakapelekwa bantengi wapatao 20. Kituo walikopelekwa kiliachwa mwaka huo huo, wanyama wakaingia mwituni. Leo bantengi wa huko ni maelfu, na wawindaji kutoka nchi nyingi huwafuata. Wenyeji wa asili wa ardhi hiyo hulipwa kwa kila safari. Mbogo wa majini waliongezeka hata wakaharibu vinamasi, na kuanzia mwaka 1970 Serikali iliwaua kwa wingi pamoja na ng'ombe wa mwituni, ili kukomesha kifua kikuu cha mifugo. Mwaka 1997 ugonjwa huo ulitangazwa kuwa umekwisha. Huko mbogo ni mgeni; katika Afrika ni mwenye nchi.

Fungu la Mwenye Shamba

Katika mpango wa ziwa Mburo jambo kuu halikuwa bunduki bali daftari. Kila mnyama alipangiwa bei, idadi ya wa kupigwa katika mwaka iliwekwa baada ya kuwahesabu, na fedha ziligawanywa kati ya watu wa mahali hapo na Serikali. Mahali ambapo hesabu husomwa mbele ya watu, mfugaji hufahamu kwa nini avumilie wanyama wanywao maji ya ng'ombe wake. Mahali ambapo hesabu hufichwa, mgeni huonekana mwizi mwenye ruhusa, na mtego wa waya hurudi kichakani.

Katika Kenya, kwa sheria ya mwaka 2013, jamaa ya mtu aliyeuawa na mbogo hustahili shilingi milioni 5, na aliyelemazwa kabisa shilingi milioni 3. Sheria hiyo ni njema, lakini malipo yamechelewa mara nyingi, na anayengojea huanza kumchukia kila mnyama mwenye pembe. Kwa hiyo mkulima aliyepatwa na hasara apige ripoti mara moja, apate karatasi za polisi na za hospitali, na aweke nakala nyumbani.

Hivyo swali kubwa si kama mgeni apewe ruhusa ya kuwinda au anyimwe. Nchi mbili zilizo jirani zimejibu kwa namna mbili, na kila moja ina sababu zake. Swali ni kama mtu alalaye karibu na mbogo, ambaye shamba lake hukanyagwa na ndama wake huugua, ana fungu linalojulikana, liwe la fedha za wageni au la fidia ya Serikali. Mwenye ng'ombe wa Amagoro haachi zizi lake kwa mtu asiyemtolea hesabu. Na mbogo vivyo hivyo: atadumu pale tu ambapo hesabu yake inasomwa hadharani.