Mkupuo wa Kolwezi

Mkataba unapoisha kwenye migodi ya Kolwezi, linalozungumzwa kwanza ni dekonti. Dekonti finali: mshahara uliobaki, likizo isiyochukuliwa na stahili nyingine, vyote kwa mkupuo mmoja. Wanaoisubiri huwa wameihesabu kabla ya mwenyewe. Shemeji ana ada ya shule, fundi anadai ya mabati, na yule wa "Banque Lambert", jina ambalo Wakongo wamelibandika kwa ukopeshaji wa mtaani usio na leseni wala huruma, anataka alichokopesha na nyongeza inayoweza kufika nusu yake au zaidi.

Hapo ndipo swali jingine huchomoza: na zile falanga zinazokatwa kila mwezi kwa ajili ya uzee, haziwezi kutoka sasa hivi?

Jibu la sheria ni fupi. CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii uliorithi INSS kufuatia sheria ya Julai 2016, hukusanya asilimia 10 ya mshahara kwa ajili ya pensheni: 5 za mfanyakazi, 5 za mwajiri. Umri wa kulipwa ni miaka 60, kwa mwanamume na mwanamke. Fedha hiyo haikai kwenye akaunti yenye jina lako kama akiba ya benki. Michango ya walio kazini leo ndiyo inayowalipa wazee wa leo. Kwa hiyo anayekuahidi kukutolea michango yako ukiwa na miaka 40, mradi umpe komisheni, anakuuzia upepo.

Lakini Kolwezi inaujua mlango mwingine, na waliopita humo wangali mitaani.

Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilikuwa ikitoa karibu tani 476,000 za shaba katikati ya miaka ya 1980. Mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ukaporomoka Septemba 1990, ukafuata uporaji wa 1991, na kufikia 2003 uzalishaji wa kampuni haukufika tani 20,000. Kuna wafanyakazi waliokaa hadi miezi 36 bila mshahara. Mwaka huo wa 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, ukaletwa mpango ulioitwa Opération Départs Volontaires, yaani kuondoka kwa hiari. Wenye utumishi wa miaka 25 na zaidi waliahidiwa mkupuo badala ya malimbikizo na haki zao za kazi. Watu 10,655 walitoka, karibu nusu ya wafanyakazi wote. Malipo yalikuwa kati ya dola 1,900 hivi na dola 30,000, kwa kufuata cheo na miaka.

Hiari? Mtu ambaye hajalipwa miaka mitatu, watoto wamerudishwa nyumbani kwa ada, ukamwekea dola 4,000 mezani, hiari yake ina ukubwa gani? Wengi wao baadaye walidai kwamba hesabu haikuwa ya haki, na mwaka 2009 malalamiko yao yalifika kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia.

Ni rahisi kwa mtu wa benki kusema waliila kesho yao. Mimi siwalaumu upesi hivyo, kwa sababu ya hesabu moja. Mwaka 1993 zaire milioni 3 ziligeuzwa kuwa zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa falanga 1. Maana yake, aliyekuwa na zaire bilioni 300 za zamani na akaziacha zitulie alibaki na falanga moja. Katikati ya hapo kulikuwa na mwaka 1994, ambao mfumuko wa bei ulipita asilimia 9,000. Mzazi aliyeona michango ya INSS ya ujana wake ikiyeyuka namna hiyo hawezi kumfundisha mwanawe kwamba fedha inayongoja ni fedha salama.

Kosa la 2003 lilikuwa kwenye mizani. Watu walipima walichopokea, hawakupima kilichokoma. Tangu enzi za Union Minière, kampuni iliyoitangulia Gécamines, watu wa Katanga wakisema kampuni ndiyo baba na ndiyo mama, mshahara ulikuwa sehemu tu ya malipo. Kulikuwa na nyumba, gunia la unga wa bukari, shule, hospitali. Hata zilipodhoofika, zilikuwa bado ni haki ya mwenye kazi. Chukua mkupuo wa dola 5,000 na familia ya watu 8 inayotumia dola 150 kwa mwezi: miezi 33, imekwisha. Hapo hakuna aliyeugua.

Wengine walinunua gari la abiria, wengine walilima, wengine walifungua duka katika mtaa ambao majirani wote nao wamefungua duka. Walioweka fedha kwenye nyumba walionekana werevu kuliko wote, na kwa jumla walikuwa hivyo. Ila Kolwezi ina namna yake ya kuchekesha: mwaka 2014 kobalti ilipogunduliwa chini ya nyua za mtaa wa Kasulo, watu walianza kutoboa mashimo katikati ya makazi, na akiba ya mtu ikaanza kuchimbwa kwa chini.

Nchi jirani zinafungua mlango wa pensheni kidogo kidogo. Zambia, ng'ambo ya Kasumbalesa, iliruhusu mwaka 2023 wanachama wa mfuko wa pensheni wa NAPSA kuchukua asilimia 20 kabla ya kustaafu. Uganda ilifanya hivyo 2022 kwa wenye miaka 45 waliochangia angalau miaka 10, nao wakapewa kikomo hicho hicho. Tanzania ilielekea upande wa pili: bunge lilipoondoa fao la kujitoa mwaka 2012, wachimba dhahabu walikuwa mstari wa mbele kukasirika. Hoja yao inaeleweka kabisa Lualaba, jimbo la Kolwezi: mkataba wa mgodini ni mfupi, na miaka 55 iko mbali mno.

Chile, nchi pekee inayoizidi Kongo kwa shaba, ilifungua mlango wote. Kati ya Julai 2020 na Aprili 2021 iliruhusu watu kuchota mara tatu, asilimia 10 kila mara, au yote kwa wenye akiba ndogo. Zilitoka dola bilioni 50 hivi, na mamilioni ya akaunti yakabaki matupu. Fedha hiyo ikawa miongoni mwa kuni zilizochochea bei, na mfumuko ukapita asilimia 14 mwaka 2022. Na Chile ina akaunti za watu binafsi zenye fedha ndani yake. CNSS haina hazina ya namna hiyo ya kuchotwa.

Kwa hiyo simwogopei sana kijana anayeuliza kuhusu CNSS. Namwogopea yule anayepoteza pensheni bila kuiomba. Ripoti ya mwaka 2021 ya mashirika ya haki, RAID ya Uingereza na CAJJ ya Kolwezi, iliyochunguza migodi mitano mikubwa ya eneo hili, ilikadiria kwamba asilimia 57 ya wafanyakazi waliajiriwa kupitia wakandarasi. Mfanyakazi wa namna hiyo anabadilisha mwajiri huku shimo ni lile lile. Kila mkataba ukiisha anapokea dekonti, analipa Banque Lambert, anakaa miezi bila kazi, anaanza upya. Mzee wa 2003 aliachia miaka 25 kwa sahihi moja. Huyu anaiachia vipande vipande, na hakuna siku anayoweza kuitaja kwamba ndiyo aliyouza.

Mkandarasi anaweza kukata asilimia 5 kwenye karatasi ya mshahara, na isifike popote. Kabla ya kusaini dekonti, cha kudai ni uthibitisho wa michango iliyotangazwa CNSS kwa namba yako, mwezi kwa mwezi. Udaiwe wakati ofisi ya mkandarasi ingali imesimama, maana makontena ya ofisi hizo hupakiwa kwenye lori kwa asubuhi moja tu.