Daktari wa Meno si Mng'oaji Tu

Mwanafunzi wa shule ya upili, awe wa Mwala katika Machakos au wa kwingineko nchini, hufunzwa kuzitaja ala za sauti: midomo, meno, ufizi, kaakaa na ulimi. Orodha hiyo hiyo ndiyo anayoipitia daktari wa meno aliye makini. Hatazami meno pekee. Hukagua chini ya ulimi na pembeni mwake, mashavu kwa ndani, kisha hupapasa shingo asije akakosa kuona uvimbe. Anachotafuta ni dalili za saratani ya kinywa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini maradhi haya hujificha yenyewe, kwani mwanzoni mara nyingi hayaumi. Huanza kama baka jeupe au jekundu, au kidonda kisichopona kwa zaidi ya majuma mawili. Nasi tumezoea kumwendea daktari huyu siku jino linapotukosesha usingizi. Jina lake limetupotosha: tumeshika meno, tukasahau kinywa. Donda likigunduliwa mapema, kipande kidogo cha nyama hupimwa maabarani na tiba huwa na matumaini makubwa. Likichelewa, huenda sehemu ya ulimi ikakatwa. Mwalimu wa lugha anajua maana yake: pasipo ulimi mzima, /t/, /d/, /l/ na /r/ zitatamkwaje?

Kinga nayo imo mikononi mwa daktari huyu. Sigara, ugoro na pombe ni miongoni mwa visababishi vikuu, na anayevuta huku akinywa hujizidishia hatari. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kumwuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18, lakini sheria haiketi na kijana ikamshauri namna ya kuacha. Daktari aonaye madoa ya tumbaku menoni aweza.

Huduma za afya zimekuwa chini ya kaunti tangu 2013. Yafaa basi madaktari wa meno watumwe mara kwa mara katika shule na masoko ya Mwala, Masii na Wamunyu, wasingojee wenye meno mabovu mjini. Nanyi walimu, mchorapo ala za sauti ubaoni, ongezeni sentensi moja: kidonda cha kinywa kinachokawia kupona kikaguliwe na daktari. Wanafunzi wataifikisha nyumbani, kwa babu na nyanya watumiao ugoro.