Mchorwa naye apewe haki yake

Kila tusifupo picha nzuri ya mtu, aghalabu sifa zote humwendea aliyeshika kalamu. Yule aliyesimama au kuketi mbele yake kwa saa nyingi hatajwi. Hata lugha yetu haijampa jina lililozoeleka. Mwanamitindo si yeye, maana huyo kazi yake ni kuonyesha mavazi. Hapa nitamwita mchorwa, kama vile walimu wanavyomwita afanyaye mtihani mtahiniwa.

Wapo watakaouliza: kukaa tu kuna ujuzi gani? Aulizaye hivyo na ainue mkono mmoja juu ya kichwa, autulize hapo kwa dakika tano. Bega litamjibu. Mchorwa stadi hutulia kwa dakika ishirini, akapumzika kidogo, kisha akarudi vilevile alivyokuwa: nyayo juu ya alama za chaki, kidevu kimeelekea palepale, uzito umeegemea mguu uleule. Akikosea, kazi ya darasa zima huharibika.

Isitoshe, kutulia ni nusu tu ya kazi yenyewe. Mchorwa huyo anajua kwamba uzito ukielemea mguu mmoja, nyonga ya upande huo hupanda na bega la upande huohuo hushuka. Huuchagua mkao unaolidhihirisha jambo hilo ili mwanafunzi alione mwenyewe. Tena hubadilisha mikao kila baada ya dakika moja au mbili, mwanafunzi alazimike kuunasa mwendo wa mwili mzima kabla ya kuhangaika na kucha na kope. Picha ya kamera haiwezi kumfundisha hayo, kwa kuwa kamera ina jicho moja, na mwanafunzi hawezi kuizunguka picha ili atazame mgongo.

Anayeshuku kwamba mchorwa ana akili ya sanaa na amtazame Suzanne Valadon, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1865, binti wa mfuaji nguo. Alifanya sarakasi hadi alipoanguka na kuumia, ndipo akageukia kazi ya kuchorwa. Renoir alimchora akicheza dansi katika picha mashuhuri ya mwaka 1883. Kumbe naye alikuwa akiwatazama waliomtazama! Alijifunza kuchora, Edgar Degas akanunua michoro yake, na mwaka 1894 kazi zake zikakubaliwa katika maonyesho ya chama cha kitaifa cha wasanii wa Ufaransa.

Hata hivyo, heshima ya kazi hii ingali haba. Katika jiji hilohilo la Paris alikofanyia Valadon kazi, wachorwa walikuwa na desturi ya kupitisha karatasi iliyokunjwa mfano wa ile ya kufungia njugu, nao wanafunzi wakatia humo chochote walichojaaliwa. Wakuu wa jiji walipoipiga marufuku bakshishi hiyo katika madarasa yao, wachorwa waliandamana mwezi wa Desemba 2008. Walivua nguo nje ya ofisi ya utamaduni, katika baridi kali, wakidai malipo bora na kutambuliwa kuwa wafanyakazi wenye taaluma. Je, walikosa? Aliyezoea kutegemea sarafu za wanafunzi, ukimnyang'anya sarafu hizo sharti umwongezee mshahara.

Huenda msomaji akasema kwamba mila zetu haziruhusu mtu kukaa uchi mbele ya darasa. Naam, lakini ujuzi ninaousifu haumo katika uchi. Hata aliyevaa shati na suruali huhitaji mizani, subira na umakini uo huo.

Basi mwalimu umsimamishapo mwanafunzi mbele ya wenzake ili wamchore, usimfanye kama kiti. Mweleze sababu ya mkao, mpumzishe, na mwisho wa kipindi mshukuru mbele ya wote. Nanyi wanafunzi, pokezaneni nafasi hiyo mwonje uzito wake. Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.