Rangi Hukoza, Haiwi Nzito

Tuseme mwanafunzi wa sanaa kule Manyatta, Embu, anapaka joho la sanamu ndogo ya zimwi. Mwalimu anamwambia aanze na 'nyekundu nzito', amalizie kwa 'nyekundu nyepesi'. Sivyo! Rangi nzito ni ile isiyotiwa maji ya kutosha. Itaziba mikunjo yote na kazi iharibike. Rangi hukoza au hupauka. Basi iliyokoza, ile tuiitayo damu ya mzee, ikae ndani ya mikunjo penye kivuli. Iliyo angavu zaidi ikae kwenye kingo zinazopigwa na mwanga. Mpaka kati yazo ufifizwe kwa brashi yenye unyevu kabla rangi haijakauka. Na asikimbilie nyeupe kuing'arisha nyekundu, ataambulia waridi. Atie chungwa kidogo.

Joho likiwa la kahawia je? Wakulima wa Manyatta wanajua tunda la kahawa ni la kijani mtini, likiiva huwa jekundu. Kahawia yenyewe hutokana na buni iliyokaangwa, na kadiri inavyokaangwa ndivyo inavyokoza. Ndiyo maana tunasema joho jekundu, jeusi, jeupe, lakini joho la kahawia, la kijani, la kijivu: hizi za pili zimeazimwa kutoka kwa kahawa, jani na jivu.