Aliyetangulia Kazini na Aliyepandishwa Cheo: Tuelewe Ugomvi wa Makarani



Katika toleo hili tumeona afadhali tuweke kando kidogo habari za mbuzi wa maziwa na matangi ya maji, tuongee juu ya jambo linalosumbua nyumba nyingi ingawa halisemwi mkutanoni. Ni habari ya vyeo serikalini, hasa kwa makarani. Mtauliza, "Hayo yanatuhusu nini sisi watu wa kijijini?" Yanatuhusu sana. Katika vikundi vingi tunavyotembelea, katibu au mweka hazina ni karani wa ofisi ya serikali, au ni mke au mume wa karani. Mshahara huo ndio unaolipa karo, na ndio unaoingia katika mzunguko wetu kila mwezi. Tena yule karani aliyekasirika kazini ndiye anayeshika faili la cheti cha kikundi chako. Akivunjika moyo, hata faili linalala.

Mama mmoja, tusimtaje jina, alikuja kwetu na bahasha ya kaki iliyojaa barua. Alikuwa amefanya kazi ya ukarani miaka 24, na miaka 11 ya mwisho alikaa katika daraja moja tu. Kijana aliyeajiriwa baada yake, ambaye mama huyu mwenyewe alimfundisha kufungua faili na kujaza rejista ya barua, alipandishwa cheo akawa msimamizi wake. Ofisini wakaacha kusalimiana. Taabu ni kwamba wote wawili walikuwa wanachama wa kikundi kimoja. Basi kikundi nacho kikagawanyika. Wengine walisema kijana alitoa kitu kidogo, wengine walisema mama ana wivu. Mikopo ikaacha kulipwa, kwa sababu huyu hataki kumlipa mweka hazina wa upande ule. Miezi 7 ikapita bila mkutano.

Tulipozisoma zile barua pamoja na mama, tuliona kwamba kila upande ulikuwa unabishana bila kujua kanuni. Ndiyo maana tunaandika makala haya.

KUTANGULIA NI NINI?

Watu wengi hufikiri aliyetangulia ni yule aliyeingia ofisini kwanza. Sivyo. Karani wa serikali ana tarehe tatu ambazo ni lazima azijue kama anavyojua siku za kuzaliwa watoto wake. Ya kwanza ni tarehe ya kuajiriwa. Ya pili ni tarehe ya kuthibitishwa kazini, yaani kumaliza muda wa majaribio. Ya tatu ni tarehe ya kuingia katika daraja alilo nalo sasa. Hayo madaraja ndiyo kwa miaka mingi yamekuwa yakiitwa kwa herufi, F, G, H na kuendelea, zile wafanyakazi wanazoita jobu grupu.

Tuchukue mfano. Karani wa kwanza aliajiriwa mwaka 1998 akaingia daraja G mwaka 2012. Karani wa pili aliajiriwa mwaka 2005 lakini akaingia daraja G mwaka 2009. Je, nani mkubwa katika daraja G? Ni huyo wa pili, ingawa wa kwanza alimtangulia kazini miaka 7. Hapo ndipo wengi hukosea, na ugomvi huanza.

Tena angalieni vizuri: tarehe iliyoandikwa juu ya barua, na tarehe ambayo cheo kinaanza kuhesabiwa, zinaweza kuwa mbali mbali. Ile inayohesabiwa ndiyo yenye maana. Ikikosewa na mtu akanyamaza, kosa humfuata mpaka siku ya kustaafu.

CHEO HUTOLEWA NAMNA GANI?

Katiba yetu ya mwaka 2010, Kifungu cha 232, inataka kuajiri na kupandisha vyeo katika utumishi wa umma kufuate mashindano ya haki na ustahili. Inataka pia wanaume na wanawake, watu wa makabila yote na watu wenye ulemavu wapewe nafasi za kutosha na zilizo sawa. Kwa hivyo kukaa miaka mingi peke yake hakutoshi. Lakini miaka hiyo si bure pia. Watu wawili wakiwa na sifa sawa, ni haki yule aliyetangulia kuuliza kwa nini ameachwa.

Kila kada ina mpango wake wa utumishi. Huo ni mwongozo unaosema ili kutoka daraja hili kwenda lile unahitaji nini. Kwa makarani, mambo ya kawaida ni haya:

1. Kukaa katika daraja ulilo nalo kwa muda uliowekwa. Mara nyingi ni miaka 3.

2. Kuwa na masomo na kozi zinazotakiwa. Katika ngazi fulani karani ametakiwa awe amefaulu mtihani wa makarani.

3. Kuwa na ripoti nzuri ya kazi. Zamani mkubwa aliandika ripoti ya siri, na mfanyakazi hakujua kilichoandikwa. Siku hizi kuna fomu ya tathmini ambayo mfanyakazi mwenyewe huijaza pamoja na msimamizi wake na kuitia sahihi.

4. Kuwepo kwa nafasi. Katika ngazi za chini, madaraja kadhaa huweza kuwekwa pamoja, mtu akapanda bila kungoja mwingine astaafu. Ukifika juu zaidi, ni lazima nafasi iwe wazi na pesa za mshahara ziwe zimetengwa.

Nani anayeamua? Kwa wafanyakazi wa serikali kuu ni Tume ya Utumishi wa Umma, ambayo imewakabidhi wakubwa wa wizara kazi ya kushughulikia vyeo vya chini, wakisaidiwa na kamati. Kwa wafanyakazi wa kaunti ni Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Kamati hizo hazimjui karani kwa sura. Zinamjua kwa karatasi zilizo katika faili lake.

UGOMVI UNATOKA WAPI?

Si kila aliyechelewa ameonewa na mtu. Mengine yametokana na historia. Mwaka 1993 serikali ilianza mpango wa kurekebisha utumishi na kupunguza wafanyakazi, na kuanzia mwaka 1994 wale wa madaraja A hadi G walishawishiwa kustaafu mapema kwa hiari. Waliobaki walifanya kazi ya watu wawili, watatu, na nafasi za kupanda zikawa chache. Mwaka 2009 umri wa kustaafu ulipandishwa kutoka miaka 55 hadi 60. Wazee walifurahi, lakini waliokuwa chini yao wakangoja miaka 5 zaidi.

Halafu zikaja kaunti mwaka 2013. Mabaraza ya zamani ya miji na wilaya, 175 kwa jumla, yalivunjwa. Makarani wake wakajikuta chumba kimoja na makarani waliotoka wizarani, na wengine wapya walioajiriwa na kaunti zenyewe. Kila mmoja alikuja na ngazi zake na mshahara wake. Kuwapanga katika ngazi moja kumeleta manung'uniko mengi, maana mtu aliyekuwa mkubwa kule alijiona mdogo huku.

Kisha kuna kukaimu. Karani anaambiwa, "Shikilia kiti hiki kwa muda." Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2017 inasema kukaimu kusipite miezi 6. Lakini wako wanaoshikilia miaka, wakidhani kiti tayari ni chao. Siku kinapotangazwa, mwingine anakipata. Kukaimu si kupandishwa cheo, na hakukupi haki ya kiti.

Na tusidanganyane, upendeleo upo. Kujuana kupo, "mtu wetu" yupo, hongo ipo. Wako pia wanawake walioachwa nyuma kwa sababu walikuwa nyumbani na mtoto mchanga wakati majina yalipopelekwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza ubaguzi katika kupandisha vyeo, na kumbagua mtu kwa sababu ya ujauzito ni mojawapo ya yale yaliyokatazwa.

CHEO NI PESA YA UZEENI

Wengine husema mtu anagombania jina tu. Hapana. Kwa wale walio katika mpango wa zamani wa pensheni, kila mwezi mmoja wa kazi humpa mtu sehemu 1 kati ya 480 ya mshahara wake wa mwisho. Aliyefanya kazi miaka 30 ana miezi 360, yaani robo tatu. Tuseme mshahara wake wa mwisho ni shilingi 28,000. Pensheni yake ni shilingi 21,000 kwa mwezi, kabla hajatoa sehemu ya kulipwa kwa mkupuo. Kama angekuwa amepanda daraja moja na mshahara ukawa 32,000, angepata 24,000. Shilingi 3,000 kila mwezi mpaka kufa kwake. Hiyo ni dawa ya presha, ni unga, ni mchango wa kikundi.

Hata wale waliohamia mpango mpya wa michango ulioanza Januari 2021 wanaguswa, kwa sababu serikali huweka asilimia 15 ya mshahara. Mshahara ukiwa mdogo, akiba nayo ni ndogo.

UKIONA UMEACHWA, FANYA HIVI

Kwanza, kusanya karatasi zako: barua ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa, za vyeo, vyeti, matokeo ya mitihani na fomu za tathmini. Weka nakala nyumbani, mahali pasipo na panya wala mvua.

Pili, soma mpango wa utumishi wa kada yako. Jiulize kwa ukweli, je, sifa hizi ninazo zote?

Tatu, andika barua kwa mkubwa wako kupitia kwa msimamizi. Iwe fupi, yenye tarehe na bila matusi. Usiandike "fulani alitoa hongo" kama huna ushahidi. Andika habari zako wewe. Nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa.

Nne, uliza sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki hiyo mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa ofisi. Ukihitaji karatasi zilizo ofisini, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inataka ofisi ijibu ombi lako kwa siku 21.

Tano, nenda kwa chama chako. Chama cha watumishi wa serikali kilifutwa mwaka 1980 na kurudishwa mwaka 2001, kwa hivyo wazee wengi walizoea kuishi bila chama. Leo kipo. Kitumieni.

Sita, kata rufaa. Mfanyakazi wa kaunti asiyeridhika na uamuzi hupeleka rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma katika siku 90. Asikimbilie kortini kabla ya hapo, maana atarudishwa. Malalamiko ya kucheleweshwa au kuonewa na ofisi yanaweza pia kupelekwa kwa Ombudsman, bila malipo.

Saba, korti ya mambo ya kazi iwe ya mwisho. Na kumbukeni, Sheria ya Ajira inatoa miaka 3 tu ya kushtaki. Anayenung'unika miaka 5 kisha akatafuta wakili amechelewa.

KISA CHETU KILIISHAJE?

Mama alipoomba kuona faili lake, ikagunduliwa kwamba alikuwa amefaulu mtihani zamani, lakini matokeo hayakuwahi kuwekwa ndani. Katika kila orodha iliyopelekwa kwa kamati alionekana kama mtu asiye na mtihani. Kijana hakuwa amemnyang'anya kitu. Karatasi zake zilikuwa kamili tu. Aliyekosa ni ofisi, na mama mwenyewe alikosa kwa kunyamaza miaka yote hiyo huku akinung'unika sokoni.

Aliandika barua, akafuatilia, na baada ya zaidi ya mwaka mmoja akapanda daraja. Miaka iliyopotea haikurudishwa, na hilo bado linamuuma. Mbele ya kikundi, wale waliomwita kijana mla hongo waliomba msamaha. Hatuwezi kusema hao wawili ni marafiki. Lakini wanasalimiana, na mikopo imeanza kulipwa.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, tunasoma juu ya vibarua walioingia shambani asubuhi wakamnung'unikia mwenye shamba kwa sababu ya wale wa jioni. Sura hiyo hiyo inatueleza juu ya mama wa wana wa Zebedayo, aliyewaombea wanawe viti vya mbele, na wale wanafunzi 10 wakakasirika. Kumbe ugomvi wa vyeo ulikuwepo hata kati ya mitume! Yesu hakuwafukuza. Aliwaita, akakaa nao, akawafundisha kwamba mkubwa ni yule anayetumikia. Kanisa nalo, tangu barua ya Papa Leo wa 13 ya mwaka 1891 juu ya wafanyakazi, limefundisha kwamba mfanyakazi ana haki zake. Kudai haki si dhambi. Kumchukia jirani kwa jambo ambalo hujalichunguza ndiyo shida.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Je, kati yetu kuna mtu aliyeacha kusalimiana na mwenzake kwa sababu ya mambo ya kazini? Tunaweza kumsaidia vipi?

2. Wanachama walioajiriwa wanajua zile tarehe zao tatu? Nani atawakumbusha?

3. Sisi wenyewe tunachagua vipi viongozi wa kikundi: kwa umri, kwa kutangulia kujiunga, au kwa kazi? Kanuni hiyo imeandikwa katika katiba yetu?

4. Karatasi za kikundi zinawekwa wapi, na nani ana nakala?

Mkijadiliana, tuandikieni mliyoyaona. Mungu awabariki katika kazi za mikono yenu.