Dawa za Maumivu: Zina Faida, Tena Zina Hatari

Wakati wa kupalilia na wakati wa kuvuna, watu wengi katika skimu za makazi hupatwa na maumivu ya mgongo, magoti na mabega. Kulima kwa jembe, kubeba mitungi ya maziwa na kuchuma chai kutwa nzima ni kazi nzito. Basi mkulima huenda kwa daktari, akapewa vidonge, akapata nafuu. Vidonge vikiisha, hununua vingine dukani na kuendelea kuvimeza miezi mingi bila kupimwa. Hapo ndipo hatari huanza, na ndiyo sababu gazeti la ukulima linaandika habari za dawa za watu. Mwenye shamba akilala kitandani, shamba nalo hulala.

DAWA HIZI NI ZIPI?

Tunazungumza juu ya dawa za kutuliza maumivu na kupunguza uvimbe. Zijulikanazo zaidi ni aspirini, ibuprofeni, diklofenaki, indomethasini na meloksikamu. Aspirini ni ya zamani. Ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1899. Ibuprofeni ilianza kutolewa kwa cheti cha daktari huko Uingereza mwaka 1969. Zote ni za ukoo mmoja. Parasetamoli, ambayo wengi huiita Panadol, si ya ukoo huu. Hutuliza maumivu na homa, lakini haiondoi uvimbe.

ZAFANYAJE KAZI?

Mwili ukiumia hutengeneza vitu viitwavyo prostaglandini, navyo huleta maumivu, joto na uvimbe. Mwaka 1971 mtaalamu wa Uingereza, John Vane, alionyesha kwamba aspirini na dawa za ukoo wake huzuia mwili usivitengeneze. Mwaka 1982 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wataalamu wawili wa Sweden.

Lakini vitu hivyo vina kazi nyingine iliyo njema. Tumboni hulinda ngozi ya ndani isichomwe na asidi. Katika figo husaidia damu kupita vizuri, hasa mwili unapopungukiwa na maji. Dawa haichagui, huzuia kibaya na chema pamoja. Ni kama mtu anyunyizaye dawa ya wadudu wakati mimea imechanua: waharibifu hufa, na nyuki hufa pia.

MADHARA YAKE

Tumbo. Dawa hizi zaweza kuleta kiungulia, vidonda vya tumbo na kutoka damu ndani. Watu wengine hawasikii maumivu yoyote mpaka damu imeanza kutoka. Hatari ni kubwa zaidi kwa wazee, kwa aliyewahi kuwa na vidonda, kwa mnywaji wa pombe, na kwa atumiaye prednisoloni au dawa ya kuzuia damu isigande, kama warfarini. Wako wadhanio kwamba sindano haidhuru tumbo kwa kuwa haipiti mdomoni. Sivyo. Dawa ikiingia katika damu, hufanya kazi ile ile kila mahali.

Figo. Mtu aliyefanya kazi juani bila kunywa maji, au aliyetapika na kuhara, figo zake zina shida tayari. Akimeza dawa hizi huzizidishia shida, na zaweza kushindwa kabisa kufanya kazi.

Moyo na presha. Dawa hizi zaweza kupandisha presha, kuvimbisha miguu na kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Mwaka 2004 dawa moja ya namna hii, rofekosibu, iliondolewa sokoni duniani kote kwa sababu hiyo. Diklofenaki nayo yataka hadhari kwa mwenye ugonjwa wa moyo.

Pumu. Watu wengine wenye pumu hubanwa kifua wakizimeza.

Wajawazito na watoto. Tangu mimba ifikapo wiki 20, mama asizimeze ila kwa amri ya daktari, maana zaweza kudhuru figo za mtoto, na baadaye mshipa wa damu ulio karibu na moyo wake. Mtoto aliye chini ya miaka 16 asipewe aspirini ila daktari akiagiza.

KOSA LA KUCHANGANYA

Tuchukue mfano. Mzee ana presha, naye amepewa enalaprili pamoja na dawa ya kupunguza maji mwilini. Goti linamwuma. Zahanati inampa Brufen. Baada ya siku mbili anaona nafuu ni kidogo, naye ananunua diklofenaki dukani. Yeye adhani ametumia dawa mbili tofauti. Kwa kweli Brufen ni ibuprofeni, na dawa hizo mbili ni za ukoo mmoja. Nafuu haikuongezeka sana, lakini hatari ya tumbo imeongezeka. Tena dawa zake mbili za presha, zikikutana na dawa ya maumivu, hulemea figo kwa pamoja. Mzee huyu hakuwa mzembe. Hakuna aliyemwuliza anameza nini nyumbani, wala yeye hakujua kwamba yapasa kusema.

JINSI YA KUZITUMIA

1. Uendapo kwa daktari au duka la dawa, chukua dawa zako zote umwonyeshe. Mwambie kama una presha, pumu, vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, au kama una mimba.

2. Soma jina dogo lililoandikwa chini ya jina kubwa la pakiti. Jina kubwa ni la kampuni. Jina dogo ndilo la dawa yenyewe. Usitumie mbili za ukoo huu kwa wakati mmoja.

3. Tumia kiasi kidogo kitoshacho, kwa siku chache. Mtu mzima asipite miligramu 150 za diklofenaki kwa siku. Ibuprofeni iliyonunuliwa bila cheti isipite miligramu 1,200 kwa siku, yaani vidonge vitatu vya miligramu 400.

4. Meza baada ya chakula na kunywa maji ya kutosha. Lakini usidhani kwamba chakula huondoa hatari yote ya vidonda. Ukihitaji dawa siku nyingi, mwulize daktari juu ya dawa ya kulinda tumbo.

5. Nunua katika duka lililosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, si kwa mchuuzi wa sokoni.

6. Usimpe jirani vidonge vyako. Goti lake laweza kufanana na lako, lakini figo zake huzijui.

7. Kama daktari amekupa aspirini ya kila siku kwa ajili ya moyo, usiiache bila kumwuliza.

Maumivu madogo yaweza kutulizwa kwa kitambaa cha maji ya moto, dawa ya kupaka au parasetamoli. Kwa mtu mzima parasetamoli isipite vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku, na mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji wa pombe aulize kwanza. Tena gawa mizigo, na utumie jembe lenye mpini mrefu.

DALILI ZA HATARI

Acha dawa ya maumivu uende hospitali mara moja ukiona choo cheusi kama lami, ukitapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, mkojo ukipungua sana, uso au miguu ikivimba, pumzi ikikata, kifua kikiuma, au upande mmoja wa mwili ukilegea. Usingoje kesho.

Kila mfugaji ajua kwamba dawa ya kuogeshea ng'ombe ina kipimo chake. Ikipungua, kupe hawafi. Ikizidi, ng'ombe hudhurika. Hakuna aimwagaye kwa kukisia. Basi dawa tunazomeza sisi wenyewe nazo tuzipime vivyo hivyo. Leo jioni toa vidonge vyote vilivyomo nyumbani, usome majina yake, na kama huwezi kuyasoma mwite mtoto wa shule akusomee. Ukikuta viwili vya ukoo mmoja, mwulize daktari ni kipi cha kuacha.