Joto la Mlima Magara: piga hesabu kabla ya kununua masta silinda

Mji wa Mbulu uko zaidi ya meta 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Manyara, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, liko kwenye meta 960 hivi. Noah ya mwishoni mwa miaka ya 1990, ikiwa na abiria wanane na magunia ya vitunguu saumu, inakaribia tani 2. Ishushe meta 600 tu kwenye Mlima Magara, kwenye barabara ya kutoka Mbulu kwenda bondeni, na tayari kuna megajuli 12, kasoro kidogo, zinazotafuta pa kwenda. Matairi na upepo humeza sehemu. Injini, ikiachiwa nafasi, humeza nyingine. Zinazobaki zote ni za breki.

Kulisimamisha gari hilo kutoka kilometa 80 kwa saa hutoa karibu nusu megajuli. Kwa hiyo mteremko huo ni sawa na kusimama ghafla mara 24 mfululizo. Ukishuka kwa kilometa 20 kwa saa kwenye mteremko wa asilimia 10, kazi hiyo huchukua dakika 18 na joto linalotoka, breki zikibeba lote, ni kama kilowati 11: hita 11 za kuchemshia maji zikiwaka pamoja ndani ya magurudumu manne. Diski za mbele zikiwa na kilo 5 kila moja, kila kusimama kumoja huzipandisha nyuzi 75 hivi, na mwendo huo wa taratibu hauleti upepo wa kuzipoza.

Sasa mafuta ya breki. DOT 3 mpya haichemki chini ya nyuzi 205, lakini hunyonya unyevu. Maji yakifika asilimia 3.7, kiwango cha chini cha kuchemka kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 140. DOT 4 huanza na 230 na kuishia 155. Ndani ya gari ambalo mafuta yake hayajabadilishwa tangu linunuliwe, hesabu ni namba ile ndogo. Tone moja la maji, mililita 0.05, likigeuka mvuke kwenye hewa ya kawaida hujaza mililita 80 hivi. Masta silinda yenye kipenyo cha milimita 22, ikisukumwa milimita 30, hutoa mililita 11 tu. Mguu wako huishia kuubana mvuke, na pedeli inazama.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu pedeli iliyozama hupelekwa gereji na kurudi na masta silinda mpya, hata kama ile ya zamani ilikuwa nzima. Swali la kwanza ni lini inazama. Ikiwa asubuhi ni ngumu, ikalegea katikati ya mteremko, kisha ikarudi gari likipoa, mafuta yalichemka. Ikiwa inazama taratibu hata gari likiwa limesimama, breki za baridi, mguu umetulia kwa nusu dakika, na kiwango cha mafuta kwenye chupa hakipungui, basi raba za ndani ya masta silinda zinapitisha. Kiwango kikipungua, tafuta uvujaji: silinda za magurudumu ya nyuma, hozi, au nyuma ya masta silinda, ambako mafuta hunywewa na busta bila kudondoka hata tone chini. Na pedeli ikibaki ngumu huku gari halisimami, mafuta hayana kosa. Mara nyingi ni pedi zilizoungua. Kuna jambo moja linalowatisha watu bure: ukishikilia pedeli na kuwasha injini, pedeli hushuka kidogo. Hiyo ni busta ikianza kazi.

Busta yenyewe hutegemea uzito wa hewa, na Mbulu hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Tanga. Pedeli nzito kidogo huko juu si ugonjwa.

Joto la gurudumu moja ni habari nyingine. Kwenye tambarare za ngano za Basotu, wilayani Hanang, hakuna mteremko wa kusingizia. Inua gurudumu hilo na ulizungushe: likikamata, fungua nati ya kutolea upepo. Likiachia, kuna presha iliyofungwa, na mara nyingi ni hozi iliyovimba ndani. Lisipoachia, pistoni ya kalipa au pini zake zimeganda kwa tope na kutu. Magurudumu yote yakikamata, angalia kama pedeli ina mchezo wa milimita chache.

Kwa gharama, anza chini. Lita moja ya mafuta hutosha kusafisha mfumo mzima, na ifanyike kila miaka 2. Baada yake raba za kalipa, kisha hozi, na masta silinda mwishoni. Wakati wa kutoa upepo, weka kipande cha ubao chini ya pedeli: ikigandamizwa hadi sakafuni, raba kuukuu hupita kwenye kutu ambako hazijafika kwa miaka, zikachanika, na ununuzi ulioukwepa ukawa wa lazima. Mafuta ya injini yasiingie kwenye chupa ya mafuta ya breki hata kijiko. Huvimbisha raba zote, na utanunua kila kitu.

Gia ya pili haina bei. Kwenye otomatiki weka 2 au L kabla ya kuanza kushuka. Injini ikibeba nusu, zile mara 24 zinakuwa 12. Pedeli ikilegea ungali na mwendo mdogo, pampu haraka, shusha gia, vuta breki ya mkono taratibu, simama, weka jiwe nyuma na mbele ya gurudumu. Usimwagie diski maji. Hupinda au kupasuka. Subiri nusu saa au zaidi. Pedeli ikirudi, shuka kwa gia ya kwanza hadi kwa fundi, na mafuta yote yamwagwe. Isiporudi, gari lisubiri kuvutwa.